Binti Gwandu Amefunga Mnada

Ng'ombe wa pili alianguka asubuhi, watu hawajamaliza hata chai. Alikuwa dume mwekundu, mnene, jana yake tu alikuwa anasukumana na wenzake kwenye maji. Sasa amelala mlangoni mwa zizi, tumbo limevimba kama ngoma, na puani inamtoka damu nyeusi isiyotaka kuganda. Gwandu alimtazama kidogo, akatema mate pembeni, akaanza kunoa kisu kwenye jiwe.

"Baba, weka hicho kisu," Helena alisema.

Gwandu hakugeuka. Pale kijijini Hirbadaw ng'ombe akifa hatangazwi. Upepo wenyewe unasema. Majirani walishaanza kuja na mabeseni, wanasalimiana kwa furaha ile ya watu walioona mboga, na mbele kabisa alikuwa Mama Doris, mjane wa nyumba ya tatu, na beseni lake la bluu lililochanika mdomo.

"Baba, nakuomba. Usimpasue."

"Kwani wewe ndiye uliyemnunua?"

Helena alikuwa amevaa kanga na ndala, kalala vibaya, nywele hajafunga. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuo kikuu. Anasomea afya ya mazingira, na hapo nyumbani alikuja kwa ajili ya fildi kwenye ofisi ya kata. Kijijini hiyo kozi walishaifupisha: anasomea vyoo. "Mtoto wa Gwandu kaenda mpaka chuo kikuu kujua mavi yanakaa wapi," walikuwa wanasema kilabuni, "sisi tunajua bila cheti." Yeye alikuwa anacheka nao. Asingecheka angefanyaje?

Leo hakucheka. Alimsogelea baba yake mpaka sikioni.

"Hiki ni kimeta. Angalia hiyo damu. Angalia mwili, mpaka saa hizi haujakakamaa. Na yule jike wa juzi mliyemla mimi nikiwa kata, naye nina wasiwasi. Ukimfungua huyu, vimelea vinaingia kwenye udongo, kwenye mikono yako, kwenye sufuria za watu wote hawa."

"Kimeta tumekula kabla hujazaliwa."

"Na waliokufa?"

"Walikufa. Watu hufa."

Lakini kisu kilisimama juu ya jiwe. Mzee alikuwa mkali, mjinga hakuwa. Alimshika binti yake mkono, akamvuta mpaka nyuma ya zizi, kwenye miiba.

"Umemwambia nani?"

"Bado."

"Ukimwambia yule bwana afya wako kinatokea nini?"

"Anamwambia bwana mifugo. Wanaweka karantini."

"Na mnada wa Jumamosi?"

Helena akatazama ndala zake.

"Nakuuliza wewe msomi. Mnada?"

"Unafungwa."

"Enhe. Madume matatu niliyokutengea nitayauza wapi? Kanisani?" Gwandu alikuwa anaongea taratibu, na hapo ndipo alipokuwa anaogopesha. "Mwaka jana uliahirisha masomo, tukasema sawa. Chuo wamesema safari hii usipolipa nafasi yako inafutwa. Si ndivyo ulivyoniambia? Basi nenda kaseme kimeta. Ukirudi chukua fimbo, mkachunge na kaka yako."

Helena aliwatazama wale watu na mabeseni yao. Mkopo wa serikali aliopata ulikuwa haufiki popote, yote mengine yalikuwa yanatembea kwa miguu minne humo zizini. Alijua anachotakiwa kusema. Alishaandika mtihani juu ya hilo hilo, akapata alama nzuri, mwalimu akamsifu mbele ya darasa.

"Tumzike," alisema.

"Tumzike nani?"

"Huyu ng'ombe. Mzima mzima, na ngozi yake. Asiguswe na kisu. Tukimzika chini sana hamna mtu atakayeumwa. Na mimi nitanyamaza."

Gwandu alimtazama kama mtu aliyeambiwa amfungishe mbuzi ndoa kanisani. Kisha akapita katikati ya watu, akaingia ndani, akafunga mlango. Kazi ya kuwafukuza watu alimwachia Helena.

"Huyu ng'ombe haliwi," Helena aliwaambia. "Ana minyoo. Minyoo mibaya, ya ini."

"Minyoo si inakufa kwenye moto, mwanangu?" Mama Doris aliuliza. "Tunachemsha."

"Hii haifi."

"Minyoo gani hiyo, ya chuma?"

Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja akasema sasa Helena anasoma namna ya kuwanyima watu nyama. Mwingine akasema waacheni, Gwandu anataka kukausha peke yake. Waliondoka polepole, mabeseni matupu chini ya kwapa, wanageuka nyuma. Mama Gidion, mama yake Helena, alibaki mlangoni ameshika shavu. Tangu aolewe hapo hajawahi kuona jirani anaondoka na chombo kitupu.

&nbsp;

Shimo walichimba Helena na kaka yake Gidion, ambaye shule aliiacha kidato cha kwanza na hajawahi kuikumbuka. Glavu zilikuwa pea moja. Gidion alijifunga viroba mikononi, akawa analalamika wanafanana na wendawazimu.

Mzee Akonaay, jirani kutoka ng'ambo ya korongo, alipita na baiskeli, akasimama kabisa ili aone vizuri.

"Mnachimba choo?"

"Shikamoo mzee," Gidion alisema. "Tunazika."

"Marahaba. Mnazika nani?"

"Ng'ombe."

Mzee akaegemea baiskeli. Watu wa uwanda ule, zamani, mtu wa kawaida akifa hakuzikwa kwa heshima yoyote. Kaburi la kuinuliwa, lile wanaloliita bung'eda, lilikuwa la mzee mwenye jina, na watu walikuja kwa miezi, na pombe ya asali ilipikwa mpaka nyuki wakachoka. Kwa hiyo Mzee Akonaay aliuliza kwa upole kabisa:

"Na asali italetwa na nani? Marehemu ana wakwe?"

Gidion alicheka mpaka akakaa chini. Helena aliendelea kupiga sururu. Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa kinasema Gwandu amemzika ng'ombe kama mzee wa ukoo, na Gwandu, mtu aliyekuwa anakaa kwenye vikao akasikilizwa, hakutoka nje.

Shimo lilipofika kiunoni, sururu ikagonga mwamba. Walihamia pembeni, mwamba. Pembeni tena, mwamba. Chuoni walisema mita mbili, na chokaa juu. Kanisani kulikuwa na magunia ya chokaa ya kupakia ukuta, lakini ukiomba chokaa utaulizwa ya nini. Helena alisimama ndani ya shimo, ardhi inamfika kwenye mkanda, akajua haitoshi. Akasema inatosha.

Walimvuta dume kwa kamba, wakamfukia, wakaweka mawe waliyopata, wakarundika miiba. Viroba na glavu walichoma. Walinawa kwa sabuni ya unga mpaka mikono ikawauma.

"Sasa wewe ukimaliza hiki chuo," Gidion alisema, "ndiyo kazi yenyewe hii?"

"Ndiyo."

"Na unalipia?"

&nbsp;

Ofisi ya kata ilikuwa na Bwana Nuhu, afisa afya aliyeletwa kutoka Kigoma, mtu mwembamba, mkimya, mwenye kofia ya kufuma na pikipiki ya serikali isiyokuwa na mafuta mara nyingi. Alimpenda Helena kwa sababu alikuwa anauliza maswali. Wanafunzi wa fildi wengine, alisema, wanakuja kupiga picha na koti jeupe.

Kesho yake, Jumatano, walikagua mgahawa mmoja wa njiani. Mwenye mgahawa aliwaonyesha choo huku anatafuna muwa, na alipoambiwa achimbe kipya alimgeukia Helena. "Dada mzuri hivi, hukupata kozi nyingine?" Wateja wakacheka. Bwana Nuhu alisubiri wamalize, akarudia: achimbe kipya, atarudi.

Njiani alimwambia Helena, "Hii kazi zoea kuchukiwa. Mtu akipona anamshukuru daktari. Asipougua anamshukuru nani?"

"Hamna."

"Hamna kabisa." Wakatembea. Kisha akasema, kama mtu anayekumbuka kichekesho, "Nasikia kwenu mmemzika ng'ombe na maombolezo."

Helena alihisi jua limempiga utosini.

"Ni ndama tu, Bwana Nuhu. Alizaliwa amekufa. Watu wanakuza mambo."

"Ahaa." Akatikisa kichwa, akacheka kidogo. "Nilitaka nije niangalie, mafuta hamna. Lakini ukiwepo wewe pale sina wasiwasi."

Helena alisema asante. Usiku ule hakula. Mama yake alidhani ni tumbo.

&nbsp;

Alhamisi alirudi kutoka kata akamkuta mama yake anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

"Doris wameshampeleka hospitali Katesh," mama alisema. "Boda imempitisha hapa. Anatapika damu, Helena. Kale katoto hakawezi hata kushika shingo."

Helena aliweka mkoba chini. Hakuuliza kitu. Alikwenda moja kwa moja kwenye lile shimo. Miiba ilikuwa imepangwa vizuri, vizuri kuliko walivyoipanga wao. Aliitoa kwa fimbo. Chini yake udongo ulikuwa laini, na ulipofukuliwa kidogo harufu ikatoka, na paja la nyuma la yule dume halikuwepo.

Gidion alikuja nyuma yake. "Fisi."

"Fisi anakata na kisu?"

Gidion aliinama kuangalia. Mkato ulikuwa umenyooka, wa mtu anayejua viungo, na hakuchukua zaidi ya chakula cha nyumba yake.

"Kaazime pikipiki ya jirani yetu Evarist," Helena alisema. "Nipeleke Katesh."

Walipoiwasha, Gwandu alikuwa ameshasimama mbele ya gurudumu. Alikuwa na fimbo, lakini hakuiinua.

"Unakwenda kusema nini?"

"Baba, wale madaktari hawajui mtoto amekula nini. Mama yake hatasema. Atasemaje kwamba alifukua nyama ya mtu?"

"Basi mwenye mtoto anyamaze na wewe unyamaze."

"Atakufa."

"Na wako wangapi waliokula ambao hawajafa? Leo Alhamisi. Jumamosi nauza. Jumapili sema kimeta, sema kipindupindu, sema unachotaka. Siku mbili, Helena. Nakuomba siku mbili mimi baba yako."

Hajawahi kumwomba mtoto wake kitu. Mama Gidion, pale mlangoni, aliingia ndani ili asione.

"Hana siku mbili, baba."

"Ukipanda hiyo pikipiki, chuo umeacha wewe. Usije ukasema mimi ndiye niliyekataa kuuza."

"Sitasema."

"Ng'ombe wangu wamekufa wawili, heshima yangu mmeizika kwenye shimo, sasa unakwenda kunifungia na soko. Ndicho wanachowafundisha?"

Gidion alimwangalia baba, akamwangalia dada, hakujua azime au asizime. Helena alipanda. Mzee hakusogea. Ilibidi wamzunguke, gurudumu likapita kwenye mbolea.

&nbsp;

Mama Doris alikuwa kwenye benchi la nje ya wodi, kanga imemwanguka begani, kidole gumba amekifunga kitambaa. Alipomwona Helena aliuficha mkono ndani ya kanga.

"Mama Doris, pole. Anaendeleaje?"

"Wamesema labda taifodi. Wamemtundikia maji."

Helena alikaa karibu, akashusha sauti. "Mlikula ile nyama?"

"Nyama gani?"

"Ya shimoni."

"We mtoto!" Mama Doris alipaza sauti mpaka benchi zima likageuka. "Mimi nimekuwa mwizi wa makaburi? Mume wangu hayupo ndiyo mje mnitukane mpaka hospitali?"

"Sikuja kukutukana. Nionyeshe kidole."

Mama alikaza mkono, kisha nguvu zikamwisha zote mara moja. Helena alifungua kitambaa. Kidonda kilikuwa cheusi katikati kama kaa la moto, kimezungukwa na uvimbe.

"Hakiumi," Mama Doris alisema. "Ni mwiba."

"Sio mwiba. Ni kimeta. Yule dume alikuwa na kimeta."

Mama Doris alikitazama kidole chake. Alipoongea hakupaza sauti tena, na Helena angetamani angepaza.

"Ulisema minyoo."

"Najua."

"Minyoo mimi naichemsha. Tangu nimezaliwa nachemsha minyoo. Ungesema kimeta, Helena, ningekaa na njaa yangu. Mume wa dada yangu alikufa na kimeta. Nakijua. Ungesema." Akafunga kitambaa chake tena, vibaya, kwa meno. "Ulijua, mwanangu?"

"Nilijua."

Aliinuka kabla hajaulizwa kingine, akagonga mlango wa daktari, akaingia bila kuitwa. Daktari alikuwa kijana, amechoka, alitaka kumfukuza.

"Yule mtoto wa kutapika damu amekula nyama ya ng'ombe wa kimeta," Helena alisema. "Mama yake ana kidonda kidoleni. Kiangalie."

"Wewe ni nani?"

"Mwanafunzi. Afya ya mazingira."

"Umejuaje ni kimeta?"

"Ng'ombe ni wetu."

Daktari aliacha kalamu. Baada ya hapo kila mtu alikuwa anakimbia, na Helena alibaki ameegemea ukuta wa kijani anampigia simu Bwana Nuhu. Alimwambia yote. Jike, dume, shimo la kiunoni, minyoo, ndama aliyezaliwa amekufa ambaye hajawahi kuzaliwa. 

"Tangu Jumanne?" Bwana Nuhu aliuliza.

"Tangu Jumanne."

"Kwa ajili ya ada?"

"Ndiyo."

"Ungekuwa umeshaajiriwa ningekufukuzisha, Helena. Mimi mwenyewe." Akavuta pumzi. "Na chuo watauliza, nitasema. Sasa sikiliza. Kesho saa kumi na mbili uwe ofisini. Mnaokaa nyumba ile wote mtameza dawa. Halafu utanionyesha kila mlango ulioingia nyama ya yule jike. Wewe ndiye unayeijua milango."

&nbsp;

Aliionyesha. Ijumaa nzima walitembea nyumba kwa nyumba, Bwana Nuhu mbele na vidonge, Helena nyuma anasema majina. Watu walimeza dawa bila kumtazama. Mzee Akonaay, yule wa baiskeli, ndiye pekee aliyemsemesha: "Kumbe lilikuwa kaburi la kweli." Hakuwa anatania. Bwana mifugo alikuja na watu wa wilaya, wakalimaliza lile shimo kwa moto na chokaa nyingi, chokaa ileile ya kanisani, paroko aliitoa alipoombwa tu. Kutoka Katesh simu ikasema Doris yuko hai, zaidi ya hapo wasubiri.

Jioni tangazo likasomwa: hakuna ng'ombe kutoka, hakuna ng'ombe kuingia, mnada umefungwa mpaka itakapotangazwa tena. Redio ya watu ikaliweka fupi. Binti Gwandu amefunga mnada.

Jumamosi Bwana Nuhu alimpanga kwenye kamba iliyofungwa kuzuia barabara ya mnadani, pamoja na mgambo mmoja na ndoo ya dawa ya kukanyagia. Alimpa mabuti makubwa na koti la rangi ya machungwa lililoandikwa AFYA mgongoni. Helena hakuuliza kama ni adhabu au ni kazi.

Wafugaji walikuja hivyo hivyo. Wengine walikuwa hawajasikia, wengine walisikia wakaja kujaribu. Mmoja alimwambia ana mgonjwa wa kulipia. Mwingine ana mahari. Mwingine hakusema kitu, alitema mate kwenye ndoo. "Mimi nami nina mtoto chuo," mama mmoja mwenye mbuzi wawili alisema, "nani atamsomesha, wewe?" Wote aliwarudisha. Hawakuondoka. Waliketi pembezoni mwa barabara na mifugo yao, wanasubiri, na Helena hakuelewa wanasubiri nini mpaka alipoona vumbi kutoka upande wa kwao.

Gwandu alikuwa anakuja katikati ya barabara, amevaa shuka nyeusi ya vikao, na mbele yake madume matatu, yamesuguliwa ngozi inang'aa. Tangazo alilisikia, lilisomwa karibu na boma lake. Alitembea bila haraka, na njia nzima watu walisimama mmoja mmoja kumpisha.

"Huyu je?" mtu alisema kwa sauti. "Tuone sasa kama kamba inajua ukoo."

Mgambo alimnong'oneza Helena, "Dada, kama unataka nigeukie kule, nageuka."

Ilikuwa inawezekana. Kwa wanunuzi waliokuwa wamejificha nyuma ya kilima, na lori lao, ilikuwa inawezekana kabisa. Madume matatu, mwaka mmoja. Helena aliyatazama macho yao, pua zao, hazina damu, wazima kabisa kwa kuangalia. Hata yule mwekundu alikuwa mzima kwa kuangalia.

Baba yake alifika kwenye kamba akasimama. Mpaka hapo walikuwa hawajasemezana tangu Alhamisi.

"Baba," Helena alisema. Akainua kiganja. "Baba, rudisha ng'ombe."

Gwandu alihamisha fimbo kwenda mkono wa kushoto. Akavua kofia. Kichwa chake chenye mvi alikiinamisha mbele ya lile koti la machungwa, kama vile mtoto anavyofanya kwa mkubwa, na akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu:

"Shikamoo, bibi afya."

Hakuna aliyecheka, hata yule wa kamba inayojua ukoo. Mzee alibaki ameinama. Shikamoo ikishatolewa hairudishwi, na aliyeitoa haondoki mpaka aitikiwe, hilo hata mbwa wa Hirbadaw wanalijua. Madume yalianza kusukumana nyuma yake. Jua lilikuwa linampiga kisogoni na yeye hakuinuka.

"Itikia, dada," mgambo alisema kwa kunong'ona, anakaribia kulia. "Itikia ili aende."

Helena alishika kamba kwa mikono miwili.

"Marahaba," alisema.

Ndipo Gwandu akavaa kofia, akageuza ng'ombe.